Karatasi ya Tatu

Racheal Nabifo alikwenda kumwombea mumewe viboko siku ya Ijumaa asubuhi, taya limefungwa kwa leso na jicho la kushoto limevimba hata halifunguki. Msishangae. Pale kambini Jinja wanawake wameshaomba makubwa kuliko hayo, na wengine waliomba wakapewa.

Sajini Opio alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake akipaka viatu rangi. Alikuwa mtu wa kaskazini mwenye miaka ishirini na sita jeshini, na askari kumi chini yake. Mmoja wa hao kumi alikuwa lansi koplo Wanyama, mume wa Nabifo. Mwanamke akapiga magoti, kama alivyofundishwa kwao Mbale kumsalimia mkubwa.

“Afande, nimekuja juu ya karatasi.”

“Karatasi gani?”

“Ile ya tatu. Usiandike. Mpige.” Maneno yalipita kwenye meno yaliyobanana, lakini yalisikika.

Opio akaweka brashi chini. “Mama Nandutu, unajua unachosema?”

“Najua, afande. Piga yeye vile unapiga wengine. Karatasi hapana.”

Alijua, tena vizuri. Miaka miwili nyuma ilikuja amri kwamba hakuna tena askari kulazwa chini na kuchapwa. Akikosa, mkubwa wake amkalishe, amshauri, aandike kwenye karatasi: kosa gani, ameambiwa nini, ameahidi nini, na wote wawili watie sahihi. Karatasi tatu ndani ya mwaka mmoja, faili linakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na kamati haijawahi kumrudisha mtu. Waliotunga amri ile walikuwa na nia njema, Mungu awabariki. Ila askari walipiga hesabu yao wakaona mgongo unapona na faili haliponi, wakaanza kumfuata Opio wenyewe: afande, nipige, usiandike. Naye Opio, ambaye kalamu ilimtoa jasho na fimbo haikumtoa, akakubali. Kila Jumamosi aliwachukua wenye makosa hadi shambani kwake Budondo. Asubuhi walipalilia mahindi yake, mchana walilala kifudifudi wakapata haki yao. Kambi nzima ilijua isipokuwa ofisi.

Wanyama alikuwa na karatasi mbili tayari. Ya kwanza, alikwenda kumzika mjomba wake Mbale akachelewa kurudi siku nne. Ya pili, alimzaba kofi mwendesha boda Mpumudde, mbele ya watu. Hiyo ya pili ilimletea Jumatano kumi na mbili za kukaa mbele ya Luteni Lillian, binti aliyesomea ushauri chuo kikuu, mdogo kuliko kitinda mimba wa kwao Wanyama. Alimwuliza, kwa upole kabisa, “Unapokasirika, unajisikia nini mwilini?” Na nje ya dirisha wenzake walikuwa wakimngoja. “Wanyama, mama ameshakunyonyesha? Umecheua?”

Kicheko kile alirudi nacho nyumbani kila Jumatano. Nabifo alijifunza kuwapeleka watoto wake wawili wa kike kwa Margret, mke wa sajini, kabla ya saa kumi. Jumatano hii alimwuliza mumewe neno moja tu, kama anywe chai sasa au baadaye. Akapigwa ngumi. Alipoanguka akafuatwa chini kwa buti. Nyumbani kwao walizungumza Kigisu, lakini Wanyama akipiga alipiga kwa Kiswahili, kile cha gwaride: “Lala chini! Usitikisike!” Meno mawili yalitoka na taya likapata ufa. Kwenye kliniki ndogo ya Mpumudde alisema ameteleza bombani, na mhudumu akaandika hivyo bila kuinua kichwa. Lakini kuta za mabati hazifichi. Alhamisi Luteni Lillian alikuwa ameshapata habari, akamwagiza Opio, kwa kuwa ndiye mkubwa wa Wanyama, ailete karatasi ya tatu mezani kwake Jumatatu.

Na karatasi ya tatu kwa Nabifo ilikuwa nini? Ilikuwa kile kibanda cha bati cha mviringo, vitanda viwili, jiko la mkaa na mahali pa watoto kulala. Askari akitolewa, familia yake hupewa siku kumi na nne. Shamba la Mbale ndugu zake Wanyama walishaliuza zamani. Mama yake Nabifo alikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga. Hakukuwa na pa kwenda.

“Mwache aandikwe,” Margret alisema kutoka mlangoni. “Taya si lako?”

“Wewe nyamaza,” mumewe akamwambia. Kisha akamgeukia Nabifo. “Sawa. Jumatatu nitasema mmepatana. Lakini utakuja Budondo wewe mwenyewe. Aliyekosewa ndiye mwenye neno. Mimi napiga, yeye anahesabu, yeye ndiye anasema basi. Bila basi yake kesi haijafungwa, na kesi isiyofungwa inarudi kwenye karatasi.”

“Mimi ni mwanamke, afande.”

“Umekosewa, hujakosewa?”

Desturi ile ilikuwa ya wanaume kwa wanaume. Aliyeibiwa viatu alisema basi kwenye kiboko cha nane, maana alijua Jumamosi ijayo huenda akalala yeye. Hakuwahi kuketi pale mwanamke, wala mtu ambaye kilichompeleka kilikuwa kinamuuma mdomoni wakati huohuo. Hilo Opio hakulifikiria, na Wanyama pia hakulifikiria.

*

Wanyama alipalilia mistari sita ya mahindi bila kununa. Alifurahi hata. Mkewe alipofika na boda akamletea maji ya kunywa, Wanyama akamwambia kwa Kigisu, kwa sauti ya chini kama mtu anayepanga safari, “Ukifika kumi useme. Ukiweza sema sita. Opio hatanuna, anataka tu yaishe.”

“Haya,” akasema Nabifo.

“Umefanya vizuri kuja kwake. Una akili wewe mwanamke.” Akampapasa bega. Mkono ulikuwa uleule.

Saa sita wakaingia nyuma ya ghala la mahindi. Askari wawili wakamshika, mmoja mikono, mmoja miguu. Nabifo akaketishwa kwenye gunia. Opio akavua shati, akalikunja vizuri akaliweka pembeni, akachukua fimbo.

“Hesabu.”

“Moja,” akasema Nabifo.

Viboko vitano vya kwanza vilikuwa kama alivyovitarajia. Alikunja uso kwa kila kimoja, akamwonea mumewe huruma, akajiona mke mwema. Cha sita kilipita na suruali ikachanika, na yeye akahesabu sita, kisha saba. Kwenye cha tisa Wanyama alianza kuguna. Kwenye cha kumi akainua kichwa, akamtazama mkewe, na Opio naye akatua fimbo kidogo ili kumpa nafasi.

Tuseme ukweli, maana ndiyo kazi ya anayesimulia. Neno lilikuwepo mdomoni. Alikuwa anahesabu, kwa hiyo alikuwa anaweza kusema. Lakini lilipokaribia kutoka akayaona macho ya Wanyama, na ndani ya macho yale hamkuwa na ombi. Alikuwa akimngoja tu, kama anavyongoja chai. Nabifo akasikia kitu kikipanda tumboni, cha moto, akashangaa kugundua kwamba ni furaha.

“Kumi na moja,” akasema.

Opio akapiga. Akapiga kumi na tano, ishirini. Damu ikatoka kwenye suruali ikaruka kwenye shina la mhindi. Wanyama akaacha kuguna akaanza kulia kwa sauti ya mtoto, akaita jina lake, “Nabifo, Nabifo we,” na kila alipoita yeye alitaja namba. Kwenye ishirini na saba Opio akahamisha fimbo mkono wa kushoto. “Mama, sema,” akamwambia, jasho likimtiririka. Asingeweza kuacha mwenyewe, wale wawili walikuwa wanatazama. Angeacha leo, kesho kila mtu angetaka aachiwe. “Sema basi, mama.”

“Ishirini na nane.”

Fimbo ilipanda hadi kiunoni na mbavuni, maana mkono wa kushoto haulengi sawa. Thelathini na tano. Arobaini. Aliyeshika miguu akaiachia ghafla akasimama.

“Afande, amejikojolea. Na hiyo si mkojo, ni damu.”

“Arobaini na moja,” akasema Nabifo. Halafu akasema, “Basi.”

Hakuna aliyemtazama usoni. Opio alivaa shati lake vibaya, kifungo cha juu kwenye tundu la pili. “Ni lile taya,” akawaambia wale askari. “Limemfunga. Hakuweza kusema mapema.” Wakaitikia wote wawili, ndiyo afande, ni taya. Na Nabifo akalipokea hilo, kwa sababu lilikuwa zuri na alipewa bure.

*

Zahanati ya kambi wasingeweza kwenda, wangeulizwa. Opio akaandika ruhusa ya siku tatu, mgonjwa nyumbani, akakodi gari dogo la jirani yake wa Budondo, na jioni hiyo Wanyama akalazwa kwenye godoro chumbani kwa mama mkwe wake, mtaa wa Namatala, Mbale. Watoto walibaki kwa Margret.

Mama yake Nabifo alikuwa mwuza mandazi, mwanamke mfupi asiyependa maswali marefu. Alimfunua mkwe wake, akamfunika. “Mkwe wangu sipaswi kumwona hivi,” akasema. “Mmemfanya nini?”

“Boda imemgonga.”

“Na wewe?”

“Niliteleza bombani.”

“Nyumba yenu ina bahati mbaya,” mama akasema, akarudi kwenye mandazi yake.

Usiku Wanyama alipiga kelele, asubuhi akatulia. Jumapili mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Jumatatu haukutoka. Uso ukaanza kujaa, vidole vikajaa, pete ya ndoa ikazama ndani ya nyama. Opio alipiga simu mara nne, na kila mara aliuliza jambo moja.

“Anasema nini?”

“Anasema boda, afande.”

“Vizuri. Mwambie asibadilishe. Nimemwambia luteni mmepatana, karatasi hakuna. Mpe maji mengi. Mimi nimepiga watu miaka ishirini, hakuna aliyekufa.” Kabla ya kukata simu akarudia. “Hakuna aliyekufa, mama.”

Jumatatu hiyo mchana Wanyama akafungua macho akamtazama mkewe aliyekuwa anampepea kwa kipande cha boksi.

“Ulishindwa kusema, sivyo?” akauliza kwa Kigisu. “Ni taya.”

Nabifo akapepea. Angeweza kusema kweli, lakini alitaka yaishe.

“Ni taya,” akasema.

Mama yake aliyasikia yale kutoka mlangoni, akasonya. Kisha akasema neno ambalo Nabifo alikuwa analizunguka tangu asubuhi. “Huyu anafia humu ndani mwangu. Nikampeleke wapi mwili wa askari? Mtoeni mwende hospitali, kama ni kazi ife kazi.”

*

Daktari wa zamu Mbale alikuwa kijana mwembamba ambaye macho yalikuwa hayajalala siku mbili. Akasikiliza habari ya boda mpaka mwisho. Halafu akamgeuza mgonjwa, akatoa shuka.

“Boda hii ilipita mara ngapi?”

Nabifo akatazama sakafu.

“Nauliza kwa sababu imepita njia ileile, mstari juu ya mstari. Mama, mimi si polisi. Nyama ikipondwa namna hii inamwaga sumu kwenye damu, na figo zinaziba. Ukinidanganya nitatibu mgonjwa mwingine, wako atakufa. Ni nini hiki?”

“Fimbo.”

“Ngapi?”

“Arobaini na moja.”

“Nani alihesabu?”

“Mimi.”

Daktari alimtazama leso, jicho na taya. Akaita dripu, chupa juu ya chupa, akaandika kwenye faili la hospitali yote aliyoyasikia. Siku nne Nabifo alilala chini ya kitanda kile. Alimsafisha mumewe, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko huku yeye mwenyewe anashindwa kutafuna. Aliomba Mungu asife. Tena aliomba kwa kweli, maana mtu anaweza kufurahi Jumamosi na kujuta Jumanne, na vyote viwili vikawa vyake. Ijumaa mkojo ukaanza kuwa na rangi ya mkojo. Wahudumu wakampongeza kana kwamba amejifungua.

Siku ya Ijumaa hiyohiyo, Luteni Lillian akaingia wodini na gwanda lake lililopigwa pasi, faili kwapani. Ruhusa ya siku tatu ilikuwa imekwisha tangu Jumanne, na mtu asiyeonekana kazini hutafutwa. Akavuta kiti.

“Wanyama, pole. Nini kimetokea?”

“Boda, afande.” Alilala ubavu, hawezi kulalia mgongo.

“Nimesoma faili la daktari.”

“Boda, afande.”

Lillian akamgeukia Nabifo. Nabifo akahisi macho ya mumewe shingoni. Askari anayemtaja sajini hana tena rafiki kambini, hilo kila mke analijua. Lakini alikuwa amechoka kusema boda, na bomba, na taya.

“Ni Sajini Opio, afande. Shambani kwake Budondo. Mimi ndiye nilimwomba ampige ili asiandike. Na mimi ndiye nilihesabu. Ningeweza kusema basi kwenye kumi. Taya halikunizuia.”

Wodi nzima ilisikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kula. Mshipa wa shingo ya Wanyama ulisimama.

Lillian aliandika muda mrefu. “Opio atakamatwa leo,” akasema. “Wewe Wanyama katika hili ndiye uliyeumizwa, hakuna atakayekutoa kazini kwa kupigwa. Limebaki la taya. Opio hakuandika. Mimi naweza kuandika sasa hivi, na itakuwa ya tatu. Au naweza kusema mtu huyu ameadhibiwa vya kutosha.” Akashusha kalamu. “Mama Nandutu, aliyevunjwa ni wewe. Useme wewe.”

Nabifo alifikiria kibanda cha bati. Aliwafikiria watoto kwa Margret, ambaye kesho atakuwa mke wa mfungwa kwa sababu yake. Akamtazama mumewe aliyenusurika, amekonda.

“Nimesamehe, afande. Naomba nibaki na nyumba yangu.”

“Wanyama, unaahidi mbele yangu hutamgusa tena?”

“Sitamgusa, afande.” Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. Lillian akayaona akaridhika. Akafunga faili, akawapa wote wawili mkono, akatoka.

Viatu vyake vilikuwa bado vinasikika kwenye korido Wanyama aliposema, “Sogea.”

Nabifo akadhani anataka maji. Akachukua kikombe, akainama.

Alimpiga kwa mkono usio na dripu, palepale kwenye leso. Kofi la mgonjwa, halina uzito, lakini mfupa ulikuwa haujashika na Nabifo akaona giza. Kikombe kikaanguka. Mdomo ukajaa damu.

“Hiyo ni ya Opio,” akasema Wanyama kwa Kiswahili, anahema. “Za kwako arobaini na moja tutahesabu nyumbani. Okota kikombe.”

Nabifo alikishika chuma cha kitanda mpaka giza likapungua. Siku sita mwanamume huyu alikuwa hawezi kuinua kijiko. Nguvu ya kwanza iliyomrudia, huko ndiko alikoipeleka. Hakupandwa na hasira, hata hilo lilimshangaza. Alimwona tu, mzima mzima, kama unavyomwona mtu aliyesimama juani, akajua kwamba fimbo haikumfanya kitu, wala Jumatano zile, wala damu, na kwamba yeye Nabifo ndiye aliyebaki hajaamua.

Kikombe alikiacha kilipo.

Alimkuta Lillian uani, ameshapanda kwenye gari la jeshi, mlango bado wazi. Wauza ndizi na wenye wagonjwa wao walikuwa wameketi ukutani wakila. Nabifo akasimama mbele yao wote. Hakupiga magoti.

“Afande, fungua faili.”

Lillian akaiona damu ikipenya kwenye leso, akashuka haraka. “Sasa hivi? Nimetoka dakika mbili.”

“Sasa hivi.”

“Mama Nandutu.” Akashusha sauti. “Nikiandika hii, kamati inamtoa. Siku kumi na nne, na wewe na watoto mko nje. Mimi siwezi kuwasaidia nyumba, sina uwezo huo. Nakuambia ili ujue.”

“Najua.”

“Mtakwenda wapi?”

“Sijui, afande.” Akatema damu pembeni, akafuta mdomo kwa kiganja. “Lakini sijui nikiwa mzima.”

Lillian akafungua faili juu ya boneti ya gari, akatoa fomu safi, akatafuta kalamu mfukoni. “Haya. Tuanzie wapi? Ile ya Jumatano?”

“Anza na hii ya leo. Halafu Jumatano. Halafu turudi nyuma mpaka mwaka niliomzaa Nandutu.”

“Itakuwa ndefu.”

“Andika.”

Nabifo akaketi kwenye ngazi ya gari akaanza kusema, polepole, mkono umeshika taya ili lisimsumbue. Dereva alingoja kidogo, kisha akazima injini.